Mkunjo wa Zawena Mbele ya Makapu

Jinsi Bi. Saumu Kitwana alivyofika Utajika si jambo la kutupotezea muda. Alifika. Miguu ilikuwa imevimba, kanga imepauka kwa vumbi, na kichwani alibeba sufuria ya kupikia watu mia mbili, yenye tundu kitakoni la kuingia kidole gumba. Tuanzie hapo kwenye tundu, maana bila hilo asingesimama katika nchi ile hata kwa kunywa maji.

Bi. Saumu alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, sherehe za wakubwa, kote alikuwa amepika na kote alikuwa amesingiziwa kitu: huku chumvi, kule nyama iliyopungua. Mambo hayo yalimfundisha kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Ijumaa alitakiwa nchi ya jirani kupika pilau ya harusi. Siku aliyoingia Utajika ilikuwa Jumatano.

"Dada yangu," alimwuliza mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yake, "fundi wa kuziba sufuria nitampata wapi hapa kwenu?"

Mwanamke yule akaegemeza ufagio ukutani, akachomoa simu, akaanza kupekua kwa kidole. Nyumba ya tatu kutoka pale, nyundo ilikuwa ikigonga bati, ko, ko, ko.

"Si huyo hapo anayegonga?" Bi. Saumu akasema.

"Usiniharakishe, mama. Nimwone kwanza humu." Akapekua tena. "Ehe. Yupo. Lakini yupo kwa leo tu. Jioni huenda asiwepo."

"Anasafiri?"

"Hapana. Anajadiliwa."

Hapo ndipo mgeni alipoelezwa habari za Elezo Kuu. Ni kitabu cha mtandaoni, kisicho na karatasi wala jalada, na ndani yake vimeandikwa vitu vyote vinavyotambuliwa kuwapo duniani. Kila raia wa Utajika anaruhusiwa kuandika humo na kila raia anaruhusiwa kufuta, na kwa kuwa kufuta hakuchoshi kichwa, wafutaji ni wengi kuliko waandishi. Kilichomo kipo. Kisichomo hakipo, na ni kosa kukisalimia, kukielekeza kwa mgeni, au kukipelekea mteja. Kitu kisichomo kikikukanyaga mguu, sheria inakutaka useme umejikwaa.

"Makubwa," alisema Bi. Saumu, akijifuta jasho. "Na jua lenu kali."

Mwanamke akainua kidole. "Chanzo?"

"Chanzo cha nini?"

"Cha jua kuwa kali."

Bi. Saumu akaonyesha juu, angani, mahali ambapo jua lenyewe lilikuwa likimchoma utosi. Mwanamke akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa.

"Hilo lina maslahi, mama. Jua haliwezi kujishuhudia lenyewe."

Duka la fundi lilikuwa na mlango mmoja na kitambaa chekundu kilichoning'inizwa juu yake: UWEPO WA DUKA HILI UNAJADILIWA. Wapita njia walilitazama kwa jicho moja, jingine wamelifumba, maana ndivyo sheria ilivyoruhusu kwa vitu ambavyo havijaamuliwa. Wengine walikuwa wamezoea hata wakawa hawajikwai.

Ndani aliketi mzee mwembamba, mikono myeusi kwa masizi. Akainuka.

"Karibu, dada. Wewe mgeni, nitazame kwa macho yote mawili, hawakukamati. Mimi Ngwali."

Akaipokea sufuria, akaigeuza, akapitisha gumba tunduni. "Kazi ya saa moja hii." Kisha akairudisha chini kana kwamba imemwunguza. "Lakini nisiiguse kwanza. Siku ya saba ya mjadala ndiyo leo. Alasiri hii wanaamua."

"Wanaamua nini hasa? Mtu anasikia nyundo yako tangu mwanzo wa mtaa."

Mzee Ngwali akakaa. Akaeleza taratibu, bila kulalamika, na hilo ndilo lililomfanya Bi. Saumu aache kutabasamu. Duka halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe, Zawena binti Haji, yeye Ngwali alikuwa akipuliza moto na kushika koleo tu. Zawena ndiye aliyebuni namna ya kukunja ukingo wa kiraka mara mbili kwa nje, ili wali usishike na kiraka kisichomoke. Sufuria zote za Utajika zilikuwa na mkunjo huo. Mwaka jana Zawena alifariki.

"Nimesoma dua, kaburi nimelijengea," alisema. "Lakini kwetu hapa mtu asiyekuwamo kwenye Elezo hakufa, maana hakuwahi kuwapo. Kila Alhamisi nikienda makaburini mlinzi ananizuia mlangoni. 'Unamzuru nani?' Namtaja. Anaangalia simu. 'Hakuna mtu huyo, mzee. Rudi nyumbani.' Basi nikaandika kwenye Elezo mistari mitatu: duka, mtaa, jina lake. Haikupita saa, kitambaa chekundu hicho."

"Kosa ulilofanya ni lipi?"

"Niliandika mwenyewe. Mtu anayekijua kitu haruhusiwi kukiandika."

"Nani basi anaruhusiwa?"

"Asiyekijua."

Bi. Saumu akacheka hadi akashika mbavu. Mzee hakucheka, akasubiri amalize. Akamweleza na lile la gazeti: kwamba mtu huingia kwenye Elezo akishaandikwa na gazeti, na gazeti huandika habari za waliomo kwenye Elezo tu.

"Na wa kwanza aliingiaje?"

"Aliingia kabla ya sheria."

Mzee akamtazama mgeni, akaitazama sufuria, akamtazama tena mgeni. "Dada, wewe ungefaa sana kuwa shahidi. Hunijui."

"Nakujua tangu niingie humu."

"Lakini sufuria yako bado inavuja. Nikiiziba tu, una maslahi, hawakusikilizi. Ila najua una safari."

Bi. Saumu akaifikiria Ijumaa, akamfikiria na mama wa bwana harusi, ambaye alikuwa na ulimi. Akajitwika sufuria yake.

"Basi isiguswe," alisema. "Twende tukaivujishe huko huko."

Ukumbi wa Mizani, ambako mijadala iliamuliwa, ulikuwa na picha ukutani za wale waliokubaliwa mwaka ule. Ilikuwapo kampuni ya viti ambayo haijapata kutengeneza hata kigoda, ila iliwahi kuwaita waandishi wa habari mara nne. Alikuwapo mbuzi aliyekula hotuba ya waziri. Palikuwa na kinyozi aliyejulikana kwa kukataliwa mara tisa. Bi. Saumu alipita akiwaamkia wote, hasa mbuzi.

Mbele aliketi Mheshimiwa Makungu, Mpimaji Mkuu wa Umaarufu, mtu mrefu mwenye kengele mkononi na sura ya mtu anayeumwa jino lakini hataki kulisema. Chini yake palikuwa na meza ya karani, Bi. Rehani, mama mnene wa kalamu tatu, aliyeandika bila kuinua macho. Na pande zote mbili waliketi wajadili, kila mmoja amejifunika kapu la ukili hadi mabegani, matundu mawili tu yametobolewa ya macho. Wajadili wa Utajika hawana majina wala nyuso, wana makapu. Kila kapu limeandikwa jina lake la kujichagulia: Nukta Mkato, Chui wa Rejea, Ukweli Mtupu, na mengine ya namna hiyo.

"Siku ya saba," Mpimaji akasema, "ya mjadala uliofunguliwa tarehe kumi na mbili..."

"Kumi na moja, Mheshimiwa," likasema kapu la Nukta Mkato.

"Kumi na moja jioni," likasahihisha kapu jingine.

"Baada ya alasiri," likasema la tatu. "Jioni huanza machweo."

Mpimaji akavumilia. Kumbe ndiyo desturi yao. Bi. Saumu akalitia jambo hilo akilini. Katika miaka yake ya kupika alikuwa amewalisha watu wengi wa aina hiyo, wanaoweza kuacha wali upoe wakibishana umepikwa kwa mchele gani.

Nukta Mkato akasimama. "Mimi duka hili silijui. Sijawahi kulisikia wala kupita mtaa huo. Kwa hiyo nina uwezo kamili wa kulihukumu. Nasema lifutwe."

Makapu yakanong'ona kwa kuridhika.

Chui wa Rejea akasimama. Alikuwa na mafua. "Sili... hapchi... silijui pia. Lifutwe." Akaketi, akajikunyata, akavua kapu lake chini ya benchi, akavaa jingine, akahamia kiti cha pili. Ukweli Mtupu akasimama. "Nakubaliana kabisa na mwenzangu aliyetangulia," alisema. "Hapchi. Amesema kwa busara kubwa."

"Mheshimiwa," Bi. Saumu akaropoka, "hao wawili si mmoja?"

"Sisi hapa tunahesabu makapu, mama," alisema Mpimaji. "Vichwa ni mambo ya ndani ya mtu. Wewe ni nani?"

"Shahidi, Mheshimiwa. Mgeni. Mzee huyu simjui, na yeye hanijui, na sufuria yangu haijazibwa."

Likaletwa dumu la maji kuthibitisha. Wakamimina ndani ya sufuria. Maji yakatoka tunduni yakaenda moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Mheshimiwa Makungu, akavitazama kwa muda.

"Shahidi hana maslahi," akatangaza. "Karani, andika."

Bi. Rehani alikuwa ameshaandika, na alipomaliza akaongeza jambo. Bi. Saumu akachungulia.

"Mama wewe, umeandika hata zile chafya?"

"Kila kitu," karani akajibu bila kuacha kalamu. "Elezo hufutwa. Mjadala haufutwi. Ndiyo sheria ya kwanza ya nchi hii: tufute tunachotaka, lakini vizazi vijavyo vijue tulivyobishana."

"Na mtu akitajwa humu ndani ya mjadala?"

"Akitajwa ametajwa. Karatasi zangu zina mhuri wa serikali."

Bi. Saumu akamgeukia Mzee Ngwali. Mzee hakuwa amesikia, alikuwa akifuta maji sakafuni kwa kilemba chake, maana aliona aibu. Basi Bi. Saumu akajifunga kanga kiunoni, akakohoa, akasema kwa sauti ya kuwaita watu kwenye chakula:

"Mimi nimesikia tu njiani, wala sina hakika. Nimesikia kwamba duka hili lilianzishwa na bibi mmoja, Zawena binti Haji, mwaka wa nzige."

Mzee Ngwali akainua kichwa. "Dada, si mwaka wa nzige..."

Bi. Saumu akamkanyaga kidole.

Upande wa kulia kapu moja lilitikisika, likatulia.

"Nimesikia vilevile kwamba huyo Zawena alikuwa akikunja ukingo wa kiraka mara tatu. Kwa ndani."

Kapu la Nukta Mkato likaanza kutetemeka kama kifuniko cha sufuria iliyochemka. Lilijikaza. Likashika benchi kwa mikono miwili.

"Kwa ndani," Bi. Saumu akarudia polepole, "ili wali upate kushika vizuri."

"Mara mbili!" Nukta Mkato akalipuka, yuko wima. "Mara mbili, na kwa nje! Ukikunja kwa ndani wali unaganda, unakwangua hadi unatoa bati! Zawena hakuwahi kukunja kwa ndani maisha yake yote!"

Bi. Saumu akainua kidole. "Chanzo?"

"Chanzo ni sufuria yangu mwenyewe, ninayo nyumbani, ina miaka kumi na..."

Akaketi ghafla. Kalamu ya Bi. Rehani ikaendelea kukwaruza.

Lakini ufa ulikuwa umeshafunguka. "Na mwaka wa nzige si kweli," kapu la Chui wa Rejea lilisema kwa uchungu wa mtu anayejua anajiangamiza. "Ni mwaka wa mafuriko. Maji yalipokwenda yalituachia vyombo vimebondekabondeka mtaa mzima, na Zawena akatoka na nyundo akakaa barazani kwetu siku tisa."

"Siku kumi," akasema Ukweli Mtupu, kwa mdomo ule ule.

"Nimeambiwa alikuwa mkali," Bi. Saumu akatupia.

"Zawena? Mkali?" Ukumbi ukanguruma. Makapu kumi na mawili yakasimama kwa pamoja, kila moja linamsahihisha mwenzake. Kapu moja la nyuma, sauti ya mwanamke, lilisema lilimpelekea sufuria ya marehemu mama yake, na Zawena aliiziba bila kuligusa lile doa la moshi ubavuni, akasema hilo si uchafu, hilo ni mkono wa mama. Kapu jingine lilisema alikuwa akipiga mluzi akigonga. Lingine likasema hakuwa akipiga mluzi bali akivuma kwa pua. Wakabishana hapo dakika nyingi, mluzi au pua. Mwingine akasema alikuwa mfupi, aliketi juu ya debe lililopinduliwa ili aifikie kazi. Wote wakakubali alikuwa mfupi. Bi. Rehani aliandika kwa kalamu ya kwanza, ikaisha wino, akachukua ya pili.

Mzee Ngwali alikuwa amekaa pale pale sakafuni, kilemba kimelowa mikononi.

"Ni mluzi," akasema kwa sauti ndogo, hakumwambia mtu yeyote. "Nilidhani alikuwa akiupiga kwa ajili yangu tu."

Mheshimiwa Makungu akapiga kengele. Akapiga tena. Uso wake ulikuwa umebana zaidi ya mwanzo.

"Mjadala umeharibika," akasema. "Wajadili wote wamedhihirika kuwa wanamjua mtajwa, wana vyombo vyake majumbani, wana maslahi. Kauli zao hazihesabiwi. Shahidi mgeni amekosea kila alichosema. Hakuna chanzo hata kimoja cha mbali. Kwa mujibu wa sheria, ukurasa wa duka unafutwa." Akapiga kengele ya mwisho. "Na mlango upakwe rangi ya ukuta."

Makapu yakatoka moja moja, vichwa chini. Bi. Saumu akamsaidia mzee kuinuka, akatarajia machozi.

"Nimeshindwa, ee?" mzee akauliza.

"Umeshindwa vibaya, kaka. Kesho asubuhi twende kwa yule mama wa kalamu."

Jioni ile, wakati mpakaji rangi akiwa juu ya ngazi anaufanya mlango ufanane na ukuta, duka ambalo halikuwapo lilitia kiraka kwenye sufuria ya Bi. Saumu, ukingo umekunjwa mara mbili, kwa nje. Mpakaji rangi alijitahidi kutosikia. Mara moja tu alishindwa akasema, "Gonga na pale pembeni, mzee, naona panapwaya."

Alhamisi asubuhi walikwenda Chumba cha Kumbukumbu kuchukua nakala yenye mhuri, ili mzee akamwonyeshe mlinzi wa makaburi. Bi. Saumu alitaka amwone akiipata kabla yeye hajashika njia. Hawakuweza kuingia. Foleni ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikazunguka kona: wanawake na vikapu vya sokoni, wazee, mwenye bucha na aproni yake ya damu, na yule mwanamke wa ufagio.

"Kuna nini?" Bi. Saumu akamwuliza.

"Kusahihisha," mwanamke akasema, bila kumtazama usoni. "Mjadala haufutwi, lakini ukiwa na kosa unaruhusiwa kuongeza. Wameandika Zawena alizibia nyumba yetu sufuria tano. Ni saba."

Wakampisha Mzee Ngwali mbele, maana nakala ilikuwa haki yake. Bi. Rehani alikuwa na kalamu mpya mkononi na rundo la karatasi lililomfikia kidevuni. Akamgongea mhuri wake. Mzee akaikunja nakala, akaitia kifuani, akaishia kuitikia kwa kichwa mara nyingi.

Walipogeuka kutoka, mtu aliyefuata kwenye foleni alikuwa mrefu, mikono nyuma, viatu bado vina madoa ya maji. Makapu hayakuwapo asubuhi ile, na hata kama angevaa kapu, urefu ule ungemsema.

"Mheshimiwa," Bi. Rehani akasema, akitaka kusimama.

"Kaa, mama. Andika." Mheshimiwa Makungu akatazama dari. "Wamesema alikuwa mfupi. Hakuwa mfupi. Alikuwa ameinama kwenye kazi."

Kalamu ikasimama hewani. "Mheshimiwa ulimwona wapi?"

Mpimaji Mkuu wa Umaarufu akavitazama viatu vyake.

"Andika tu," akasema.